Daftari la Mjomba: Safari ya Kamachumu, Igoma na Ukara

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea nyumbani Dodoma, nikiiokoteza kutoka kwenye kijitabu nilichokuwa nacho mkobani na picha nilizopiga kwa simu. Nilisafiri kuanzia Jumanne tarehe 17 hadi Jumanne tarehe 24 Mei 2022. Mama yangu alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo, na siku ya kuanua matanga kaka yake mkubwa, mjomba wangu, alinivuta pembeni akaniambia kwamba nyumbani kwake kuna daftari linalomhusu mama yangu mdogo, kwamba wino wake unapauka na macho yake yeye hayaoni tena vizuri, na kwamba angefurahi nikienda kulisoma mapema. Mama mdogo alikuwa mmoja wa abiria wa MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Mwili wake haukutambuliwa. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka minane, na tangu hapo nimemjua kwa picha moja tu ya sebuleni, amesimama na mwavuli uliokunjwa, uso wake umegeukia pembeni kana kwamba kuna mtu anamwita.

Siku ya kwanza, Jumanne 17 Mei: Dodoma hadi Kahama

Tikiti ya basi kutoka Dodoma hadi Muhutwe nililipia shilingi 48,000. Basi lilikuwa linatoka Dar es Salaam na lilichelewa kufika Dodoma kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo yeyote atakayepanda katikati ya safari namna hii asiamini muda anaotajiwa na wakala, na abebe chakula chake. Kuhusu Manyoni, Singida na Nzega sina cha kusimulia, kwa kuwa nililala sehemu kubwa ya njia. Tulifika Kahama usiku, na kwa kuwa mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha kipindi hicho, abiria wengi walijikunja vitini hadi alfajiri. Mimi nilichukua chumba karibu na stendi kwa shilingi 15,000.

Siku ya pili, Jumatano 18 Mei: Kahama hadi Kamachumu

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukapita Ushirombo na Runzewe. Kabla ya kuingia Biharamulo tairi la nyuma lilipasuka, na jeki ya gari ikawa haifanyi kazi. Tulikaa kando ya barabara karibu saa tatu. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Muleba kwa msiba wa shemeji yake alifungua kapu lake akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa, akavigawa kwa kila aliyekaa karibu naye, akisema kwamba alivipika kwa ajili ya watu wa msibani na sisi pia tulikuwa watu wa njia moja. Aliponiuliza niendako, nilimweleza. Hakusema pole, ambayo ndiyo niliyoitarajia. Aliuliza, "Jina lake nani?" Nilipomtajia, alilirudia taratibu mara mbili, kisha akaendelea kumenya kiazi.

Nilishuka Muhutwe jua likiwa linazama na nikapanda bodaboda hadi Kamachumu kwa shilingi 6,000. Atakayepita njia hiyo avae koti zito, kwa maana baridi ya huko juu jioni si ya kawaida, na ukungu hushuka juu ya migomba hadi taa ya pikipiki ikaonekana kama mshumaa. Mjomba alikuwa amekaa barazani ananisubiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha kabla ya neno lingine akanipa kahawa za kutafuna katika kiganja, kama mgeni anavyopokewa kwa Wahaya, ingawa mimi ni mtoto wa nyumbani.

Siku ya tatu, Alhamisi 19 Mei: Kamachumu

Siku hii sikusafiri popote, lakini ndiyo iliyojaza kurasa nyingi zaidi za kijitabu changu.

Asubuhi mjomba alinipeleka kibanjani. Asiyezijua desturi za huku afahamu kwamba Mhaya huzikwa nyumbani, katika shamba lake la migomba, ili walio hai wakienda kukata ndizi au kupalilia wapite karibu naye kila siku. Kaburi la babu lipo chini ya mgomba wa matoke, na la bibi liko upande wa kulia. Kati ya kaburi la bibi na mbuni mmoja wa kahawa uliozeeka pana nafasi ya urefu wa mtu, imefagiwa safi, haina mgomba, haina hata nyasi zilizotandazwa kama penginepo shambani. Nilipouliza kwa nini hapajapandwa kitu, mjomba alisema, "Hapo ni pake." Machipukizi ya mgomba wa jirani huingia hapo kila mwaka, naye huyang'oa kwa mkono. Nilipiga picha udongo ule mtupu. Nikiitazama picha hiyo sasa naona alama za vidole vyake pembezoni, mahali alipochomoa chipukizi asubuhi hiyo hiyo tukiwa tunazungumza.

Baada ya chakula cha mchana, matoke na maharage na dagaa, alileta daftari. Ni daftari la shule la kurasa 48, gamba lake limefungwa kwa plastiki ya mfuko wa sukari. Habari za kuzama kwa meli zilipotangazwa na Radio Tanzania, majirani walijua kwamba yeye atakwenda Mwanza kumtafuta dada yake, wakaanza kuja mmoja mmoja usiku ule kumwomba awatafutie na wao watu wao. Wengi hawakuwa na nauli, na wengine hawakuwa na nguvu ya kwenda kuona. Alichukua daftari la mtoto wake, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto aliandika jina na alama za kumtambulia mtu: kitenge cha kijani chenye picha za kuku, kovu chini ya goti la kushoto, jino la mbele limevunjika, mtoto wa miaka minne, kaptula ya bluu, amebebwa na shangazi yake. Upande wa kulia aliuacha wazi.

Mjini Mwanza miili ililazwa katika uwanja wa Nyamagana ili ndugu wapite kuitambua. Mjomba alipita humo siku tatu, kitambaa puani na daftari mkononi, akiinama na kuinuka. Aliniambia kwamba siku ya kwanza alimtafuta dada yake na hakuona chochote, kwa sababu hofu ya kumwona ilimzuia kutazama. Siku ya pili aliamua kuwatafuta wa majirani kwanza, na hapo ndipo macho yake yalipofunguka. Aliwapata sita. Upande wa kulia wa majina hayo sita ameandika neno moja, "Yupo," na tarehe.

Daftari lina majina 23. Nilishangaa kuona kwamba jina la mama mdogo ni la mwisho, na kwamba limeandikwa kwa kalamu tofauti. Mjomba alieleza kwamba la kwake hakuona haja ya kuliandika, kwa kuwa asingeweza kulisahau. Aliliandika akiwa njiani kurudi, baada ya kuazima kalamu kwa abiria mwenzake, alipotambua kwamba sasa na yeye ni mmoja wa watu waliomtuma. Upande wa kulia wa jina hilo hakuna kitu.

Hapa inafaa nieleze kwa nini daftari hili lina uzito kuliko linavyoonekana. MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu, walikokaa wenye nauli ndogo, wachuuzi, wanafunzi na akina mama wenye mikungu ya ndizi, halikuwa na orodha yoyote. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, kati ya 800 na 1,000. Tofauti ya watu 200 ni kijiji kizima kisichojulikana kama kilikuwapo au hakikuwapo. Mama mdogo alisafiri daraja la tatu. Katika maandishi yote ya safari ile, jina lake limo katika daftari hili tu, na nilipolishika mikono ilinitetemeka.

Siku ya nne, Ijumaa 20 Mei: Bukoba na usiku majini

Nilikuwa nimepanga tarehe zangu kwa makusudi. MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya Jumatatu tarehe 20 Mei, ikapitia Kemondo kuongeza abiria na mizigo, na asubuhi ya Jumanne ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Nilitaka nipite njia ile ile usiku ule ule. Mjomba hakupenda wazo hilo. Yeye tangu 1996 hajakanyaga meli, lakini hakunizuia. Alinikabidhi daftari, akasema, "Lipeleke wakalione."

Mjini Bukoba nilinunua tikiti ya MV Victoria, daraja la pili la kulala, kwa shilingi 30,000. Karani aliniuliza majina yangu matatu na namba ya simu, akayaandika yote, na nilimwomba anionyeshe alivyoandika. Alinitazama kwa mshangao kidogo lakini akanigeuzia karatasi. Kwa watakaosafiri: nunueni tikiti mapema mchana, ulizeni siku za meli bandarini badala ya kutegemea masimulizi, kwa maana ratiba hubadilika, na bebeni blanketi hata kama mna kitanda. Samaki wa kukaanga wa pale nje ya bandari ni wazuri, nililipa shilingi 5,000 kwa sato mzima na ndizi.

Tuliondoka saa tatu usiku. Meli hii iko ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Tulipofika Kemondo nilitoka nje kutazama upakiaji. Mikungu ya ndizi ilipandishwa mabegani chini ya taa, na juu ya gati walisimama watu ambao hawakuwa wanasafiri, wamekuja kusindikiza tu, wakipunga mikono hata baada ya meli kuwa giza kwao. Nilijiuliza ni nani alimsindikiza mama mdogo. Siku ya pili yake nilimpigia mjomba kumuuliza. Alijibu kwamba alikuwa yeye.

Kabla ya kulala nilimwomba baharia mmoja, mtu wa makamo, aniamshe tukikaribia sehemu ilikozama MV Bukoba. Aligonga mlango alfajiri. Tulisimama pamoja kwenye reli, ziwa likiwa limetulia kama sahani, rangi ya risasi, na kwa mbali miamba ya Mwanza ikianza kuonekana. Alivua kofia yake akaishika kifuani, na baada ya muda akasema kwamba wazee waliomfundisha kazi walikuwa hufanya hivyo, basi na yeye hufanya. Nilifikiri juu ya yale ambayo kila mtu wa Kanda ya Ziwa amesimuliwa: jinsi meli ilivyolala kifudifudi ikielea, waliokuwa nje wakasikia watu wanagonga kutoka ndani, na lilipotobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka na meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa wanataka kuokoa. Nimeishi na habari hiyo tangu utotoni na kila mara nilikuwa nikitafuta wa kumlaumu ndani yake. Asubuhi ile, nikiwa nimesimama karibu na mtu aliyevua kofia, nilifikiria zaidi wale waliokuwa wanagonga, kwamba hata katika giza lile walikuwa bado wanawaita watu, na kwamba waliokuwa nje waliwasikia.

Siku ya tano, Jumamosi 21 Mei: Igoma

Kutoka mjini Mwanza daladala za Igoma ni nyingi na nauli ni shilingi mia chache tu, ila mimi nilichukua bodaboda kwa sababu mvua ilikuwa inatishia. Makaburi ya MV Bukoba yako huko Igoma, upande wa barabara ya Musoma, na pamejengwa mnara wa kumbukumbu. Kuna waliozikwa kwa pamoja, wengi bila kujulikana majina, Waislamu na Wakristo, kwa kuwa wakati ule joto na idadi ya miili havikuruhusu kusubiri.

Nilikuta familia kadhaa. Mtoto wa kike wa kama miaka kumi alikuwa anaokota majani makavu juu ya kaburi moja na kuyahamishia juu ya jingine, hadi bibi yake alipomwambia, "Na huyo pia ni wa mtu." Alirudi akayaokota yote.

Sikujua nisimame wapi. Mzee mmoja mwenye kanzu aliona ninavyozunguka akaniuliza namtafuta nani. Nilimwambia kwamba sijui kama yuko hapa au yuko majini. Alisema kwamba na yeye hajui alipo mdogo wake, kwa hiyo huja akasimama popote akasoma Fatiha. "Nawasomea wote," alisema, "wangu yumo." Kisha aliniuliza nimebeba nini kwenye plastiki.

Nililifungua daftari na nikasoma majina 17 yasiyokuwa na neno "Yupo," kwa sauti, pamoja na alama zao. Mwanzoni niliona haya kusoma habari za makovu na meno mbele ya wageni, lakini kadiri nilivyoendelea nilihisi kwamba alama zile ndizo zilizowafanya wawe watu. Jina peke yake laweza kuwa la yeyote, lakini kaptula ya bluu ilikuwa ya mtoto mmoja. Mzee aliitikia "Amina" kila baada ya jina, na mama wawili waliokuwa karibu wakasogea wakaitikia naye. Mmoja aliomba niyarudie majina mawili, akidhani ametambua ukoo. Hakuwa ameutambua. Alinishukuru hata hivyo.

Mvua ilianguka nikiwa kwenye jina la kumi na nne. Dereva wa bodaboda, ambaye nilikuwa nimeshamlipa shilingi 4,000 na nikafikiri ameondoka, alikuja na mwavuli alioazima dukani, akausimamisha juu ya daftari badala ya kichwa changu. Nilisoma hadi mwisho. La kumi na saba nililisoma kwa sauti ndogo kuliko mengine, si kwa kupanga.

Jumapili nilipumzika na kukausha daftari, karatasi kwa karatasi, kwenye dirisha la chumba cha wageni.

Siku ya saba, Jumatatu 23 Mei: Nansio, Bugolora, Ukara

Sikuwa na ndugu aliyekufa katika kisiwa cha Ukara. Nilikwenda kwa sababu tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kutia nanga Bwisya, huko Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Siku ile mama yangu alizima redio na hakuiwasha kwa wiki nzima. Alisema, "Wamerudia." Nilitaka kufika huko kwa niaba yake.

Meli ya asubuhi kutoka Mwanza hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, ilichukua kama saa tatu. Kutoka Nansio hadi Bugolora barabara ni ya vumbi, na gari dogo la abiria halikuondoka mpaka lilipojaa, kwa hiyo mwenye haraka achukue bodaboda. Toeni pesa taslimu Nansio, msitegemee kuzipata mbele.

Katika kivuko cha kwenda Ukara niliketi karibu na dada mmoja mwenye ndoo ya nyanya. Alipokaa tu alitoa simu akapiga, akasema neno moja, "Nimepanda," akakata. Nilipoangalia, nikaona wengi wanafanya hivyo, vijana kwa wazee, na asiyekuwa na salio aliazima simu ya jirani. Alinieleza kwamba mwaka 2018 familia yake ilikaa siku mbili bila kujua kama kaka yao alikuwa ndani ya kivuko au amelala Bugolora kwa rafiki. Alikuwa ndani. Tangu wakati ule, nyumbani kwao hakuna anayegusa maji bila kutoa taarifa. Aliniuliza mimi nimemwambia nani. Sikuwa nimemwambia mtu. Akaninyooshea simu yake, maana yangu ilikuwa imeisha chaji, akanisubiri nitaje namba. Namba niliyoikumbuka kwa kichwa ilikuwa ya mjomba.

Bwisya nilisimama kwenye makaburi ya wale waliozikwa pamoja tarehe 23 Septemba 2018. Yako karibu sana na maji. Wavuvi walikuwa wanatandaza dagaa juani hatua chache kutoka hapo, na mmoja aliniambia, akinionyesha kwa kidole, mahali fundi wa mitambo alipotolewa akiwa hai siku mbili baada ya kivuko kupinduka, alikojihifadhi penye hewa. Nilimuuliza kama haoni vigumu kuanika dagaa mbele ya makaburi. Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema kwamba wengi wa waliolala pale walikuwa wanatoka gulioni, na kwamba hata wao wangeanika.

Siku ya nane, Jumanne 24 Mei: kurudi

Nilirudi Mwanza kwa njia ile ile, na jioni nikapanda gari la kuelekea Shinyanga kwa rafiki, kisha nyumbani. Jumla ya matumizi, pamoja na kurudi, ilikuwa shilingi 312,000. Daftari nilipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nakala moja nikaiweka kwenye barua pepe na nyingine kwa binamu yangu, na lenyewe nikalirudisha Kamachumu kwa mkono wa mtu ninayemwamini.

Mjomba alipolipokea alinipigia. Alitaka kujua kama wino ulilowa, nami nikamwambia ukweli kwamba ukurasa wa mwisho umechuruzika kidogo. Kisha akanisomea, kwa shida, akimwuliza mtoto aliyekuwa karibu kila herufi, mstari alioongeza yeye mwenyewe Jumatatu ile mchana, kwenye kipande cha karatasi alichokuja kukibandika chini ya jina la mama mdogo: jina langu, tarehe 23 Mei 2022, "amepanda, Bugolora." Upande wa kulia alikuwa ameacha wazi, akisubiri nimwambie saa niliyoshuka.